Kazi ya bongo, virusi ya kweli

Vijana wenzetu wa Dilala na wa Manika, na ninyi wa Fungurume munaosoma hapa usiku juu forfe za usiku ndizo za bei rahisi: ile barua munaijua. Inaingia ku emeli ao ku WhatsApp. Iko na logo ya kampuni kubwa ya mine, iko na muhuri wa buluu, iko na sahihi ya mtu anayejiita direkteri wa wafanyakazi. Kifaransa chake ni cha ofisini kabisa. Inasema dosie yako imekubaliwa, jina lako ni la saba kwenye liste, fungua faili iliyo pamoja na barua hii ujaze fomu. Halafu, pale chini, kuna namba ya simu ya kutumia dola 40 za vizite ya daktari, kabla siku tatu hazijaisha.

Kuna watu wanawacheka wanaoingia mu ule mtego. "Lisansi yote ile, na umekula bongo?" Mimi nasema hicho kicheko kinamsaidia mwizi. Mtu akiogopa kuchekwa hasemi kilichompata, na asiposema, barua ileile inaenda kwa jirani yake kesho.

Tena mwizi wa namna hiyo hatafuti mjinga. Anatafuta mtu anayengojea. Na katika huu mkoa wetu, uliotengwa na Katanga ya zamani mwaka 2015, kungojea njo kazi ambayo vijana wengi wako nayo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na sehemu kubwa yake inatoka hapa kwetu Lualaba. Makamio yanapita mbele ya parsele zetu usiku na mchana. Kijana aliyemaliza chuo anatuma dosie kwa KCC, kwa TFM, kwa Sicomines, kwa Kamoa, kwa makampuni madogo yanayofanya kazi chini ya hayo makubwa, kwa kila tangazo analoliona limebandikwa. Akituma 30, na moja "inamjibu", atajuaje kama ni bongo? Alituma kweli. Alikuwa anangojea jibu kweli. Uongo wa mwizi unasimama juu ya ukweli wake.

Njo maana sitaki kuandika hapa "muwe waangalifu" na kuishia hapo. Tuangalie namna kitu chenyewe kinafanya kazi, juu ukishajua mlango uko wapi unaweza kuufunga. Na karibu yote nitakayosema hayaombi hata franga moja.

Tuanze na ile faili. Tarehe 4 Mei 2000 emeli moja ilitoka Ufilipino, ikazunguka dunia kwa muda wa saa chache. Kichwa chake kilisema "nakupenda" kwa Kiingereza, na ndani kulikuwa faili iliyojionyesha kuwa barua ya mapenzi. Mamilioni ya kompyuta ziliingiliwa. Jina la ile faili lilionekana kama linaishia na TXT, andiko la kawaida tu, lakini nyuma ya TXT kulikuwa mwisho mwingine ambao Windows iliuficha: VBS, maana yake programu inayoamka ukiibonyeza. Robo ya karne imepita na mbinu ni ileile, paka barua njo imebadilika. Wakati ule ilikuwa ya mapenzi, leo ni ya kazi.

Hata leo Windows inaficha mwisho wa jina la faili kama hujaikataza. Faili inayoitwa "Contrat.pdf.exe" inatokea mbele yako kama "Contrat.pdf", tena na ile picha ya PDF ambayo mwizi amebandika juu yake. Fungua dirisha lolote la mafaili, enda pa "Affichage", weka alama pa "Extensions de noms de fichiers". Ni sekunde kumi. Kuanzia hapo utaona kila kitu na jina lake lote, na ukiona EXE, SCR, VBS ao JS imevaa nguo ya kontra, futa. Hakuna kampuni inayotuma kontra ya kazi mu EXE. Kama ni Word ao Excel, na inakuomba ubonyeze "Activer le contenu" eti andiko limelindwa, usibonyeze: kile kibonyezo njo chenye kufungulia mlango. Na kama ni ZIP yenye neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa mu ileile emeli, jiulize siri hiyo inafichwa nani kama ufunguo uko kando ya kufuli. Inafichwa antivirusi, juu haiwezi kuona ndani ya kifurushi kilichofungwa.

Tuje ku kle, juu hapa Kolwezi virusi nyingi haziji kwa mtandao hata kidogo. Zinakuja mfukoni.

Munajua sekretariati zetu za barabarani. Meza, parasoli, mashini ya zamani, emprimante inayotoa moshi kidogo, na gurupe ya petroli inayolia mbele ya mlango juu SNEL imekata tena (na tuko na Nzilo na Nseke mu mkoa wetu wenyewe, lakini hayo ni mambo ya siku ingine). Siku ya mwisho ya tangazo la kazi utakuta watu 20 wamepanga mustari, kila mtu na kle yake mkononi. Kle ya kwanza iko na virusi. Inaingia. Ya pili ilikuwa safi. Inatoka na virusi. Ya tatu vilevile. Jioni watu 20 wanarudi nyumbani, Kapata, Musonoie, Joli Site, na kila mmoja anapeleka ule ugonjwa mu kompyuta ya familia.

Ile virusi inayojulikana sana ni ya njia za mkato. Unafungua kle, unaona mafolda yako yote yako na kamshale kadogo, kila moja ina ukubwa wa kilo moja ao mbili tu. Folda zako za kweli zimefichwa, na mahali pake kumewekwa vifungo vyenye majina yaleyale. Ukibonyeza, virusi inaamka kwanza, halafu inakufungulia folda yako kwa adabu kabisa ili usishtuke. Watu wengi wakiona vile wanafikiri memwa imekufa, wanaformati kle. Usiformati! Kazi yako ya mwisho wa masomo iko mulemule ndani, imefichwa tu. Piga kwanza antivirusi ile kle, halafu fungua dirisha jeusi la amri, andika attrib -h -r -s /s /d na jina la kle yako, kwa mfano E:\*.* kama kle yako ni E. Mafaili yatarudi kuonekana. Hapo unafuta tu vile vifungo vya bongo. Kuna vijana wanalipisha dola tano kwa hiyo amri moja. Sasa munaijua bure.

Kompyuta iliyosasishwa inajitetea yenyewe kwa mengi. Mwaka 2008 kulitoka virusi inayoitwa Conficker, iliyokuwa inaruka pia kutoka kle hadi mashini, kwa sababu Windows ya wakati ule ilikuwa inasoma yenyewe amri za kuwasha zilizomo mu kle. Baadaye Microsoft iliufunga ule mlango. Mei 2017 ilikuwa zamu ya WannaCry, ile inayofunga mafaili yako na kukuomba ulipe ili uyapate tena. Ilipiga zaidi ya kompyuta 200,000, hadi hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu Machi, miezi miwili mbele. Waliopigwa ni wale ambao hawakuiweka.

Najua munachosema hapo: mega. Kusasisha Windows kunakula giga, na giga ni franga ya chakula. Ni kweli, na mtu wa Ulaya anayeandika "sasisha kompyuta yako kila siku" hajawahi kununua forfe ya masaa 24. Lakini antivirusi ya Windows yenyewe, Defender, iko mulemule ndani ya Windows 10 na 11, haiuzwi, na marekebisho yake yanaweza kupakuliwa kando, faili moja inayoitwa mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft. (Hiyo ni EXE ya kweli, chukua paka kwa Microsoft mwenyewe, usiipokee kwa mtu.) Mmoja wenu mu kartye anaipakua mara moja kwa juma, wengine wanaibeba ku kle safi. Yale marekebisho makubwa ya Windows, peleka mashini pahali kuna wifi, chuoni ao kwa yaya anayefanya kazi, uiache ijaze wakati munazungumza.

Kinachoua kompyuta zetu zaidi ni kitu kingine, na hapa wengi watanichukia. Ni ile Windows ya "krake" na ile programu ya kuifungua. Kitu cha kwanza inachokuomba ni: zima antivirusi. Unazima. Umemwambia mlinzi aende kulala, halafu unashangaa mwizi ameingia. Kuna krake nyingi ambazo ndani yake kuna mtu mwingine anayesoma kila herufi unayoandika. Kama mashini yako ni ya zamani na huna pesa ya Windows (ile ya 10 yenyewe Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025), weka Linux Mint ao Ubuntu. Ni ya bure kwa haki, si ya wizi, na LibreOffice inapatikana bure ndani yake. Inaandika sivi muzuri kabisa na kuitoa mu PDF. Siku mbili za kwanza utaona ni ngeni. Siku ya tatu utaona ule mtindo wa njia za mkato hauikamati.

Na kama nyumbani kuna kompyuta moja ya watu saba, mdogo wako anapakua michezo, kaka anapakua filme, baba anaangalia mpira, basi usiwape wote ufunguo wa nyumba. Tengeneza konti mbili ndani ya Windows: moja ya "administrateur" yenye neno la siri unalolijua wewe, na moja ya kawaida ya kila mtu. Programu nyingi zikitaka kujiweka, zitaomba lile neno. Mtoto hatalijua. Vita vya nyumbani vitapungua pia.

Sasa emeli yenyewe. Nitawaelezea kilichompata rafiki yangu mmoja, yeye mwenyewe aliniruhusu, lakini jina lake na mahali alipotuma dosie nitanyamazia.

Alikuwa ametafuta kazi kwa miaka miwili. Siku moja alifungua emeli yake ku sekretariati ili atoe kopi ya diplome, navigateri ikamuuliza kama ilinde neno la siri, mwenye mashini akabonyeza "ndiyo" juu yeye anabonyeza vile kwa kila mtu. Majuma mawili yakapita. Mama yake mdogo, aliye Likasi, akapokea emeli: "Chère tante, je suis hospitalisée." Ilimwomba dola 60 kwa haraka, namba ya kutumia ni hii. Yule mama alishituka, lakini hakutuma. Alimpigia simu dada yake: "Ee yaya, huyu mtoto ananiandikia Kifaransa tangu lini? Mimi ananiita mama mdogo, sasa niko tante?" Kile kidogo njo kilimwokoa. Mjomba mmoja, hukohuko Likasi, ambaye mtoto anamwandikiaga Kifaransa kila wakati, yeye alituma.

Rafiki yangu alifanya kitu cha maana palepale: alibadilisha neno la siri. Alifikiri imekwisha. Lakini mwizi alikuwa ameacha tundu. Ndani ya Gmail, pa "Paramètres", kuna mahali pa kusema kila barua inayoingia ipelekwe kopi ku adresi ingine. Mwizi alikuwa amejaza adresi yake pale. Kubadilisha neno la siri hakufuti hiyo amri. Kwa hiyo mwezi mzima kila jibu la kazi lilikuwa linasomwa na mtu wa pili. Na siku kampuni moja ya kweli ilimwandikia kwamba dosie yake imefika, yule mwizi akampigia simu kabla hata yeye hajaifungua ile emeli. Alijua jina la posti. Alijua namba ya tangazo. Alijua mwaka aliomaliza chuo. Akamwambia vizite ya daktari ni dola 50. Niambieni, nani kati yetu angekataa?

Mu Kasulo, mwaka 2014, watu walipojua kuna kobalti chini ya nyumba, walianza kuchimba ndani ya vyumba vyao. Ukipita barabarani uliona nyumba ya kawaida, mlango na pazia, na ndani kulikuwa shimo la kushuka na kamba. Emeli iliyoingiliwa iko vile. Nje inaonekana sawa na jana.

Kwa hiyo, ukiwa na wasiwasi, usiishie pa neno la siri. Ingia Gmail ukiwa ku kompyuta, chini kabisa upande wa kulia kuna neno dogo "Détails": linakuonyesha saa na mahali konti yako ilifunguliwa. Toa mashini zote usizozijua. Enda mu "Paramètres", angalia "Transfert", angalia pia "Filtres", juu mwizi mwenye akili anaweka filtre ya kufuta majibu ya ndugu zako ili usione wakikuuliza "umeponaje?". Angalia adresi ya kurudishia konti: ni yako? Namba ya simu ya kurudishia: ni ile unayoshika leo? Wengi wetu tumebadilisha laini mara tatu tangu shule ya sekondari. Laini isiyotumika kampuni ya simu inaikata, kisha inaweza kumuuzia mtu mwingine, na huyo mtu, bila kutafuta, atakuwa na ufunguo wa emeli yako.

Halafu washa ule uhakikisho wa hatua mbili. Maana yake mtu akijua neno lako la siri bado anahitaji simu yako. Google inakupa pia kode kumi za dharura: ziandike ku karatasi, ziweke pamoja na diplome yako ya kweli, si mu simu. Neno la siri lenyewe lifanye kuwa sentensi ndefu, maneno manne ao matano yasiyoendana, kwa lugha ya nyumbani kama unataka; Kisanga, Kiruund, Kichokwe ao Kiluba vinasaidia sana hapo. Na neno la emeli lisitumike pahali pengine popote. Yahoo iliingiliwa mwaka 2013, na kufikia 2017 ikakubali kwamba ni konti zote, bilioni tatu, zilizoguswa. Mtu aliyekuwa na neno lilelile ku Yahoo, ku Facebook na ku tovuti ya kazi alikuwa ametoa funguo tatu kwa siku moja.

Jambo moja ambalo watu hawaliwekei uzito: karte ya kura. Sababu nchi hii ilikaa miaka na miaka bila karte ya uraia, karte ya kura njo inatutambulisha kila mahali, ku benki, ku laini ya simu, ku dosie ya kazi. Na kopi yake unaiacha wapi? Ku "Bureau" ya mashini ya sekretariati, pamoja na za watu 300 wengine. Mwenye kopi hiyo anaweza kujaribu kuomba laini yako upya akijifanya ni wewe, na mwenye laini ana Airtel Money yako, ana M-Pesa yako, ana kode za emeli yako. Kwa hiyo kabla ya kulipa, simama pale, mwambie mwenye mashini: "Yaya, tufute pamoja." Mafaili, halafu "Corbeille". Hawa vijana wa sekretariati si maadui zetu, wengi wako na diplome kama siye na wamekosa kazi kama siye. Lakini wanakula kwa makaratasi yetu, basi usafi wa makaratasi uko juu yao pia. Kama unaweza, usifungue emeli yako pale hata kidogo: tengeneza PDF nyumbani ao ku simu, weka ku kle faili hiyo moja peke yake, itolewe, rudi.

Na weka kopi ya vyote pahali pasipo na mtandao. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Mwenye dosie yake yote mu Gmail peke yake hakuigusa hadi Januari inaelekea kwisha.

Kamaradi mmoja alinijibu mu mazungumzo: "Mimi niko shomeri, waibe nini?" Waibe jina lako. Jina lako njo lenye kumfungulia mwizi mfuko wa mjomba. Na kwa siye tunaotembea, tunaoandika ripoti za maji machafu na za watu waliotolewa mu nyumba zao, mu emeli zetu kuna majina ya wamama na wachimbaji waliotuamini. Hao hawakutia sahihi ili wasomwe na kila mtu. Mwenye kazi hiyo asiweke neno la siri la tarehe ya kuzaliwa kwake.

Yote haya ni upande wetu. Lakini mimi sikubali kwamba mzigo wote ubebwe na mtafuta kazi. Tunaambiwa "angalia adresi ya aliyekuandikia, kampuni ya kweli haiandiki kutoka Gmail". Muzuri. Lakini pita hapa mjini uangalie matangazo yaliyobandikwa: ni makampuni mangapi yanayopokea dosie kwa adresi ya Gmail, ao kwa namba ya WhatsApp ya mtu? Wao wenyewe wametuzoeza. Mwizi amekuta barabara imekwisha kusafishwa. Mwenye kuita vijana 500 kwa tangazo moja analazimika kuwa na adresi ya kampuni yake, kubandika ku mlango liste ya posti zilizo wazi kweli, na kuandika wazi kwamba hakuna pesa inayoombwa kwa mtafuta kazi, si ya dosie, si ya daktari. Shirika la Kazi la Dunia, katika mkataba wake namba 181 wa 1997, limesema maajensi ya kutafutia watu kazi hayaruhusiwi kuwalipisha wafanyakazi. Tuliombe hilo kwa sauti, kwa makampuni na kwa ofisi ya kazi ya mkoa.

Na sheria? Yule kijana wa Ufilipino aliyetengeneza virusi ya "nakupenda" hakuhukumiwa, juu mwaka 2000 nchi yake haikuwa na sheria ya kumkamata nayo, iliandikwa baadaye. Siye hatuwezi kusema vile. Kongo iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na inakataza kuingia mu mashini ya mtu bila ruhusa, na inasema data za mtu zilindwe. Ilionekana ikifanya kazi mbio siku ile mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, Septemba 2023: ilitumika mu mashtaka yake, simu zake zikachukuliwa, akakaa gerezani hadi Machi 2024. Kwa mwandishi sheria ilikuwa na miguu. Tunataka iwe na miguu pia kwa wale wanaouza kazi za bongo kwa watoto wa Lualaba.

Rafiki yangu alienda kushitaki. Alikuwa amefanya vizuri: alipiga picha ya kila ujumbe, alishika namba iliyopokea pesa, alikuwa na ile adresi aliyoikuta mu "Transfert", na alikuwa ameita kampuni ya simu siku ileile kuwaambia wazuie ile namba. Mu ofisi moja hapa mjini walimsikiliza, wakageuza karatasi zake, wakamuuliza: "Pesa ilitoka kwako?" Akasema hapana, ilitoka kwa mjomba. "Basi mjomba aje mwenyewe." Mjomba anaishi Likasi, mkoa mwingine, na nauli ya kwenda na kurudi inakaribia zile dola alizoibiwa. Karatasi ziko bado nyumbani, mu folda moja na kode zake kumi.